Kiingereza cha Jumatatu

Kwetu Kihagara, kando ya ziwa, hakuna atakayeamini kwamba kuna ofisi hapa duniani ambako mimi naitwa mpole. Nyumbani walinibandika jina la cherehani, kwa sababu nikianza kuongea sikatiki mpaka uzi uishe. Nimegombana na walimu, nimegombana na wachuuzi wa samaki, nimemjibu mzee wa kanisa mbele ya mkewe, na mama yangu alikuwa akisema kwamba siku nitakayonyamaza watu wapige kengele ya msiba. Basi nikapata kazi Mbinga mjini, kwenye mradi wa kahawa wa watu kutoka ng'ambo, na nikanyamaza. Kengele haikupigwa. Waliandika tu kwenye taarifa yangu ya kwanza kwamba mimi ni mfanyakazi mtulivu.

Huko mashambani sikuwa mtulivu hata kidogo. Wakulima walikuwa wananiita bibi shamba, na nikimkuta mtu kachanganya kahawa mbichi na mbivu kwenye gunia moja, habari zake zilisikika mpaka bonde la pili. Tukimaliza kugombana tulikaa kwenye kingo za ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili maji ya mvua yasikimbie na udongo, tukala viazi na kutaniana. Wao walisema sisi watu wa ziwani tunalima mchanga. Mimi nilisema wao wanayaogopa maji, ndiyo maana wamepanda juu hivyo. Nilicheka sana kwenye milima ile. Kisha nilishuka, nikapiga buti zangu kwenye ngazi ya ofisi kutoa matope, na ulimi wangu ukabaki pale nje na yale matope.

Kiingereza cha kuandika ninacho, tena kizuri. Nilifundishwa sekondari, nikakikuta tena chuoni, na taarifa zangu za mavuno zilikuwa zinapita bila kuguswa. Shida yangu ilikuwa Jumatatu. Kila Jumatatu saa nne asubuhi tulikaa mbele ya kompyuta, na wakubwa wa mradi waliokuwa ng'ambo wakajitokeza kila mmoja ndani ya kidirisha chake, na lugha ilikuwa Kiingereza, cha haraka, kinachoruka kutoka mtu hadi mtu kabla sijajua kilipotua. Nilikuwa natunga sentensi kichwani. Natafuta kitenzi, nakipima, nakiosha, na nikisema sasa niitoe, mazungumzo yameshahamia kwenye mambo ya magari. Basi natabasamu. Kwa Kiingereza mimi ni mtu mwema kuliko nilivyo. Sina utani, sina hasira, simsengenyi mtu. Kila kitu ni kizuri na kila mtu namshukuru. Nilikuwa namsikiliza huyo mwanamke mwema anayetumia mdomo wangu, na kwa kweli sikumpenda.

Nilikuwa nimepanga chumba uani kwa mama mmoja wa Kimatengo, mjane, na wapangaji wengine walikuwa watu wa kwao. Jioni ya baridi walikusanyika kwenye jiko la mkaa, wanaongea Kimatengo, wanacheka mpaka mtu anajishika ubavu. Nikitoka na kigoda changu waligeuza wakaingia kwenye Kiswahili kwa ajili yangu, kwa adabu tu, na papo hapo kicheko kilipungua, kama mboga iliyoongezwa maji kwa sababu mgeni kaingia. Hawakunikosea neno. Lakini mtu anajua akiwa yeye ndiye maji. Nilikaa kidogo, nikaaga, nikarudi ndani nikafunga mlango kwa sababu ya ukungu, na huko ndani nilifanya mazoezi ya Kiingereza na sufuria ya maharage. Niliieleza sufuria hali ya mavuno. Niliiuliza maswali na kuijibu. Mbele ya sufuria sikuwahi kukosea.

Lugha yangu mwenyewe, Kinyasa, niliiongea kwenye simu tu, na mtu mmoja tu, mama.

Mama hakusoma sana. Alipokuwa msichana alifagia na kufua kwenye nyumba ya misheni, enzi za manesi wa Kizungu, na alikuwa akiwasikia jioni wakiongea Kiingereza sebuleni huku yeye akiwa jikoni. Aliniambia ilikuwa kama kusikia watu wakila kitu kitamu nyuma ya mlango. Hakuwaonea wivu kwa nyumba wala kwa nguo. Alitaka tu kujua walichokuwa wanachekea. Kwa hiyo kila nilipoteremka nyumbani kwa likizo, tukishakula ugali wa muhogo na usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani kwetu, akishanawa mikono, alikuwa ananiambia, "Haya, nisemee kidogo nisikie."

"Nikusemee nini, mama?"

"Chochote. Kile unachowaambia wakubwa wako."

Nami kila mara nilipata sababu. Nimechoka. Usipa huu una miiba. Kiingereza hakisemwi bure bure, mama, kinataka mtu wa kujibu. Alicheka akasema haya, kesho. Ningemwambia nini? Kwamba ninachowaambia wakubwa wangu ni "ndiyo" na "asante"? Kijiji kizima kilijua kwamba binti wa mama fulani anafanya kazi na Wazungu, na mama alilibeba jambo hilo kwenda nalo kanisani na kurudi nalo.

Mkuu wetu pale Mbinga alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni, mrefu, mwenye sweta la kijivu ambalo nadhani alilala nalo. Tulimwita Mama Mkuu kwa utani akiwa hayupo, na Madamu akiwepo. Alikuwa mwenye haki, hilo siwezi kumnyima, na haki yake ilikuwa kavu. Msimu ule yule aliyekuwa kiongozi wetu wa maafisa ugani alihamia kwingine, na mimi nikakaimu nafasi yake. Nilizunguka milima yote ile, nikajua kila mashine ya kumenya kahawa inaharibikia wapi. Mwanzoni mwa mavuno Madamu aliniita, akafunga mlango, akaongea polepole ili nisikose kitu. Alisema kazi ninaiweza. Lakini kiongozi wa maafisa ugani ndiye msemaji wa Jumatatu, na wakubwa wanataka kumsikia mtu wa mashambani mwenyewe, si yeye akimsemea. Mavuno yakiisha wataamua. Nikiweza kuongea, nafasi ni yangu. Nisipoweza, wataleta mtu.

Niliitaka nafasi ile. Sisemi kwa mafumbo. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na ndani ya kuitaka huko alikuwemo mama na lile ombi lake. Nilijiambia siku nitakayothibitishwa nitateremka nyumbani, nitakaa mbele yake, nami nitasema mpaka atosheke.

Basi sufuria ikapata taabu msimu ule.

Katikati ya mavuno Madamu alifiwa na mama yake. Tuliamka tukakuta ujumbe kwenye kundi la simu la ofisi. Alisema mama yake amefariki huko kwao, kwamba hatasafiri kwa sababu mazishi hayatamsubiri, kwamba anashukuru kwa pole zetu, na kwamba siku hizi chache angependa kuwa peke yake.

Wenzangu wa ofisini walijibu mmoja mmoja kwa Kiingereza kilichonyooka, kila mtu na maua yake madogo, wakarudi kwenye kazi zao. Mimi niliusoma ujumbe ule nikiwa nimesimama kwenye vitanda vya kuanikia kahawa, nikausoma tena. Maneno niliyaelewa yote. Sikuyaamini, basi. Kwetu mfiwa ndivyo anavyosema. Anasema msijisumbue, barabara mbaya, mna kazi zenu, na anasema hivyo huku mikeka inatandikwa uani kwa sababu anajua mtakuja, nanyi mnajua kwamba anajua. Mfiwa akiachwa peke yake kweli, kijiji kinaona aibu mpaka watoto wa watoto. Niliyachukua maneno yake kama adabu ya mfiwa. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu chini ya jua anayeweza kufiwa na mama yake, akasema niacheni peke yangu, na akawa anamaanisha.

Nikaenda. Nilibeba unga na usipa mkavu ambao mama alikuwa amenitumia, nikajifunga kitenge, nikapanda kilima kwenda kwenye nyumba yake. Njia nzima nilitunga sentensi. Ilikuwa sentensi ndefu, nzuri, yenye Mungu ndani yake na faraja na uvumilivu, na niliirudia mpaka ikawa kama wimbo.

Getini alikuwepo mlinzi, mzee wa Kimatengo mwenye koti la jeshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja msibani?"

"Nimekuja."

"Na wengine?"

"Bado."

Alitikisa kichwa. Akaniambia amekaa pale tangu alfajiri na hajaona hata mwanamke mmoja akiingia. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja jambo la aibu la familia. Akanifungulia.

Madamu alifungua mlango akiwa na lile sweta. Macho yalikuwa yamevimba. Aliniangalia mimi, akauangalia unga, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo huko mashambani. Nikasema hapana. Akauliza kama mashine imeharibika. Nikasema hapana. Akauliza kama nina shida yoyote, kama nahitaji kitu. Hapana. Na ile sentensi yangu, iliyopanda kilima chote kile pamoja nami, ikaniacha pale pale mlangoni. Sikupata hata mkia wake. Nilichotoa ni maneno mawili au matatu, kwamba nimekuja tu, nipo. Alisema asante, akapokea unga kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiyemfahamu, akafunga mlango.

Nilibaki barazani. Ningeenda wapi? Mtu haendi msibani akasimama mlangoni akarudi, huo ni uchuro. Nilikaa sakafuni, nikanyoosha miguu, nikajiegemeza ukutani. Yule mzee alileta kuni akawasha moto mdogo kwenye ua, kwa kuwa msiba usio na moto haujulikani, akakaa upande wake, nami upande wangu. Ukungu ulipanda kutoka mabondeni, ukashuka. Mara mbili nilimwona Madamu akichungulia dirishani. Sasa nikikumbuka nacheka, maana najua alikuwa anajiuliza ni nini hiki kilichokaa barazani kwake na kitaondoka lini. Siku ile sikucheka. Nilikuwa na upweke wa kukaa mlangoni kwa mtu ambaye sina neno la kumpa, na niliona kwamba yeye ndani na mimi nje tulikuwa tunafanya jambo lile lile.

Kesho yake nilienda tena baada ya kazi. Alitoa chai, akaiweka karibu yangu, akarudi ndani. Nikasema kimoyomoyo, haya, sasa umeanza kufiwa.

Siku ya mazishi alitoka mwenyewe. Alibeba kompyuta na kiti, lakini aliponiona niko chini akakiacha kiti, akakaa sakafuni kwa taabu, miguu ile mirefu hajui aiweke wapi. Akaiweka kompyuta mbele yetu wote wawili. Kulikuwa na kanisa la mawe, watu wachache wenye makoti meusi, wamekaa mbali mbali kama waliogombana. Jeneza lilikuwa mbele. Hakuna aliyelia. Padri alisema, kisha wakasimama kuimba, na kumbe tuni ile naijua. Kwetu Kihagara tunaiimba Waanglikana wote, kwa maneno yetu, tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Katikati ya ubeti mtandao wa Mbinga ukafanya kama kawaida yake. Picha ikaganda. Wale watu wakabaki midomo wazi na jeneza lao, kimya.

Madamu alibonyeza, akabonyeza tena. Akasema kitu ambacho sikukishika, kisha akaanza kulia, kilio cha mtu asiyejua kulia, kinachokwama kooni.

Niliendelea na wimbo. Sikupanga. Niliudaka pale ulipokatikia nikaumalizia kwa maneno ya kwetu, na nikaimba na ubeti wa mwisho, na yule mzee kwenye moto, Mkatoliki asiyeujua, akavua kofia. Baridi ilikuwa kali, nikafungua kitenge changu nikamfunika mabegani. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya kilima, na niliporudi nyumbani sikumdai kitenge.

Nilifikiri, na sioni haya kusema hivi, kwamba sasa mambo yangu yamenyooka. Sikumaanisha upendeleo. Nilidhani ule woga umekwisha, kwamba mtu ukishalia naye barazani huwezi tena kumwogopa kwenye kompyuta. Jumatatu aliyonipangia nisimame niseme ilipofika nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa uji. Nilianza vyema. Nilisema habari za mavuno kama nilivyoiambia sufuria, neno kwa neno. Kisha mmoja wa wale wa kwenye vidirisha, mwanamume mwenye miwani, aliniuliza swali ambalo sufuria haikuwahi kuniuliza. Lilikuwa swali jepesi. Aliuliza kwa nini wakulima wa bonde moja wanachelewa kuleta kahawa. Jibu nilikuwa nalo! Nilikuwa na majibu saba, na utani juu yake. Lakini macho yote yale yalinitazama, na nikaanza kutafuta kitenzi, na nilipokuwa nakitafuta hicho kitenzi kimya kikakua, na kadiri kilivyokua ndivyo nilivyozidi kuzama, mpaka nikasikia yule mwanamke mwema akisema, "Ndiyo."

Swali la kwa nini, nami nikajibu ndiyo.

Mwenye miwani alisema asante. Madamu akajibu badala yangu, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kama angenikaripia.

Mavuno yalipoisha aliniita akafunga mlango. Alisema nafasi ile amepewa kijana kutoka kaskazini. Alisema mimi naijua kazi kuliko mtu yeyote, ila kazi ile ni ya kusema, nami sisemi. Aliongea akiniangalia usoni, hakujificha nyuma ya karatasi. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka kumwambia, wewe, mimi nilikaa barazani kwako watu wote walipokuacha, ina maana hukusikia nilichokuwa nasema? Kwa Kiswahili ningelimwambia, na kwa Kinyasa ningelimwambia mpaka mzee wa getini angekimbia. Kwa Kiingereza nilisema naelewa, asante.

Yule kijana alikuwa mtu mzuri, na hilo nalo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Kiingereza kilimtoka kama maji bombani. Kila Ijumaa aliniuliza habari za milima, na Jumatatu akazisema, nami nikakaa pembeni nikitabasamu. Madamu alimaliza mkataba wake mwaka uliofuata akaondoka. Siku ya kuaga alinipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo.

Niliteremka nyumbani Krismasi ile. Mama alikuwa amepungua. Tulikula, akanawa mikono.

"Haya, nisemee kidogo nisikie."

"Mama, hata ile kazi sikupewa."

"Sikukuuliza kazi."

"Leo nimechoka, mama."

"Haya," akasema. "Kesho."

Alifariki kabla ya mvua za masika kwisha. Kaka yangu alinipigia nikiwa mlimani, na sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka gari la kwenda ziwani lilikuwa na mahubiri kwenye redio na hakuna aliyethubutu kuyazima. Nilifika Kihagara usiku, na alfajiri akina mama wa kanisa walishamwosha na kumvalisha, wakamlaza chumbani kitandani pake, nasi wanawake tukajaa sakafuni kumzunguka, bega kwa bega, kama ilivyo desturi. Mazishi yalikuwa alasiri. Mama mkubwa, dada yake mama aliyebaki, alikaa kichwani pa maiti akifukuza nzi kwa upande wa khanga.

Nilikuwa nimezungukwa na watu wote wanaonijua, wanaolia kwa lugha yangu, na bado nilijiona kama niko uani kule Mbinga. Mtu mmoja niliyekuwa naongea naye kwenye simu kila jioni ndiye huyo aliyelala. Ujumbe wa ofisini ulikuwa umeingia kwenye lile kundi la simu, ambalo Madamu hakuwahi kujitoa, pole moja moja, na maua yake. Sikuujibu. Cherehani ilikuwa imekatika uzi, na kengele safari hii ilipigwa kweli.

Saa nne asubuhi simu ililia. Ilikuwa Jumatatu, na kwa mazoea moyo ulinishtuka. Nilitaka kuizima, nikaona ni simu ya picha, na jina ni la Madamu. Nilifungua. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu imekunjwa vibaya vile vile, nyuma yake dirisha lenye mwanga mdogo wa asubuhi ya kwao. Mabegani alikuwa na kitenge changu. Nilimsubiri aseme. Hakusema. Aliniangalia tu, akainamisha kichwa, akatulia. Nikasikia saa ya ukutani kwake. Nikangoja anipe pole, aniulize kama nahitaji kitu. Hakuuliza.

Mama mkubwa aligeuka. "Nani huyo? Mbona haongei?"

"Ni yule mkuu wangu wa zamani."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu, mama. Amekuja kukaa."

Mama mkubwa alimtazama yule Mzungu kwenye kioo, kichwa kimeinama, kitenge kimefungwa ovyo. Kisha akamsukuma kidogo mwanamke aliyekuwa karibu naye, na yule akamsukuma wa pili, mpaka mkeka ukaonekana. "Basi usimshike mkononi kama tochi. Mweke hapa akae na wenzake."

Nikaisimamisha simu mkekani, nikaiegemeza kwenye mguu wa kitanda cha mama. Tukakaa. Wimbo ukaimbwa, ukaisha. Baadaye, akina mama walipokuwa wanavuta pumzi, Madamu aliinua kichwa akaniomba, kwa sauti ndogo, nimsimulie habari za mama yangu.

Nikamsimulia. Nilianza na usipa, jinsi mama alivyouanika mchangani na kugombana na kunguru kwa majina yao. Kitenzi kikaja au hakikuja, sikurudi nyuma kukitafuta. Nilikosea, nikasikia nimekosea, nikaendelea. Nilimweleza kuhusu nyumba ya misheni na msichana mwenye ufagio aliyetaka kujua wanachekea nini sebuleni. Nililia kwa Kiingereza, kumbe inawezekana, na mahali fulani nikamtania marehemu, na Madamu akacheka huku machozi yanamtoka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba chumba kizima kimenyamaza. Hakuna aliyekuwa anaelewa hata neno. Walikuwa wamegeuka wote, wananiangalia mdomo.

Nikaona haya, nikashusha sauti.

"Usinong'one," mama mkubwa akasema. Alikuwa ameacha kufukuza nzi, ameweka mkono wake juu ya shuka. "Paza sauti, mwanangu. Huyu ndiye aliyekuwa anataka kusikia."

Nikapaza.